Sinema ya Gari Bovu

Editha alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena penye video maisha yake yote, na kiapo hicho alikishika miaka sita. Alikivunja Jumapili moja ya mwaka tisini na saba, baada ya misa ya kwanza, akiwa na viatu vya kanisani miguuni na barua ya posa ya mwanamume mwingine ndani ya mkoba.

Barua ilitoka kwa Leonardi, karani wa bandarini, Mkatoliki, mtu wa Masasi kama akina Editha, mpole hata kuku wa jirani wanamzoea. Hakuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomtesa Editha, maana mtu asiye na kasoro unamkataa kwa lipi? Mshenga wake angefika Kimara saa kumi alasiri kuchukua jibu. Mama Gregori, mama yake Editha, alimkabidhi ile barua aende nayo misani akaiombee. Editha aliiombea tangu padri anaingia mpaka anatoka, akarudi nje hana jibu.

Badala ya kwenda nyumbani, akashuka Manzese.

Sababu alikuwa nayo, tena nzuri. Baba yake, mzee Sebastian, mchonga vinyago, alifariki mwaka uliopita. Kanda ya harusi ya kaka yake Gregori, mahali pekee mzee alipopigwa picha akitembea na kucheka, iliota ukungu kwenye mvua za masika ikafa. Mama alilia kama amefiwa mara ya pili. "Ningemwona tu anavyotembea," alikuwa akisema, "na ile miguu yake ya kuburuza." Editha alijua kuna kipande kingine cha harusi ile ndani ya kanda nyingine, kwa mtu mmoja, kama mtu huyo hakukichoma moto. Basi alikuja kwa ajili ya mama. Kama ilikuwepo sababu ya pili, hakuwa tayari kuitamka hata moyoni.

Duka lilikuwa katikati ya mafundi vitanda wawili. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyekundu: KHALFANI VIDEO, KANDA ZA KUKODI. Ndani, mwanamume aliyekaa kwenye kigoda ameinama, anaunga kwa selotepu utepe wa kanda uliokatika.

"Hodi."

"Karibu, sista, kanda mpya ziko huku ku..."

Khalfani aliinua macho, na maneno yakamwishia. Mtu ambaye zamani aliweza kuongea saa mbili bila kumeza mate, leo alikosa hata salamu. Alikuwa amekonda kidogo, na kidevuni ana ndevu chache zisizojua kama zinataka kuota au hapana. Macho ni yale yale. Editha akayakwepa, akatazama kanda zilizopangwa ukutani, akagundua kwamba hasomi hata jina moja.

"Mwalimu," Khalfani akasema mwishowe.

"Nani kakwambia mie mwalimu?"

"Dar kubwa, lakini ina midomo. Pole na msiba wa mzee."

"Ulisikia?"

"Nilikuja kuzika. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta wa makaburi."

Hilo Editha hakulijua. Lilimwingia, akajikaza.

"Nimekuja mara moja tu," akasema. "Ile kanda ya gari bovu. Uliichoma?"

Khalfani aliingiza mkono chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga, akakifungua taratibu. Kanda ilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa kijana wa miaka ishirini na nne anayejiona: SAFARI. USIGUSE.

Tuseme ukweli, mwaka tisini na moja hapakuwa na ujanja mwingine mjini. Televisheni za bara zilikuwa hazijaanza. Ukitaka kuona dunia, ulikwenda kwenye banda la video la Mwinshehe kule Temeke, mabati matupu na mabenchi ya kukalia kwa zamu. Mwinshehe alikuwa mjomba wake Khalfani. Jumapili alasiri ilikuwa ya akina mama na wasichana, na Khalfani alisimama kando ya runinga akitafsiri kila neno. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini ulimi aliumbiwa.

Ndipo ikaja ile sinema. Baharia mmoja aliiacha kwa Mwinshehe asirudi tena. Lugha yake hakuna aliyeijua. Haikuwa Kiingereza wala Kihindi, na Khalfani hakuwa na hata neno moja la kuombea maji.

Ilihusu mwanamume na mwanamke ndani ya gari bovu la kijani, wanaenda. Basi. Gari linazimika, wanashuka, wanakula mayai ya kuchemsha, wanagombania ramani, linawaka, wanaenda. Hakuna ngumi, hakuna nyimbo. Jumapili ya kwanza watu walizomea.

"Stelingi gani huyu hana hata kisu?" mama mmoja alipiga kelele. "Adui yuko wapi?"

"Adui ni kabureta," Khalfani akajibu, na banda zima likaangua kicheko.

Kuanzia hapo alikuwa amewashika. Mwanamume akampa jina la Mbwana, mwanamke akamwita Chausiku, na maneno yao akayatunga mwenyewe. Waliotengeneza ile sinema hawakuwa na kitu, hata kipofu angeona. Kivuli cha mpiga picha kilipita kwenye mlango wa gari. Mbwa mmoja mweupe mwenye sikio jeusi alitokea katika miji mitatu tofauti. "Anawafuata kwa miguu," Khalfani alieleza, "na gari lenyewe lilivyo, msishangae akitangulia."

Editha aliipenda kwa hayo hayo. Siku moja watu walipokwisha kutoka, alibaki akamuuliza Khalfani kwa nini haiweki pembeni akaonyesha za Wachina kama wenzake.

"Zile kubwa zinakuonyesha watu usioweza kuwa," Khalfani alimjibu. "Hawa wameazima gari la shemeji yao, wamechemsha mayai, wameenda. Hata mie na wewe tungeweza."

"Lakini wanaenda wapi?"

"Huoni hawana haraka? Wakifika itabidi kila mtu ashuke."

Alisema hivyo akimtazama, akachelewa kuyaondoa macho. Editha alirudi nyumbani na lile neno, akalala nalo.

Kosa lilikuja kwenye harusi ya Gregori. Khalfani alipewa kazi ya kupiga picha za video, na kanda aliyonunuliwa ikaisha jua halijapinda, kwa sababu nusu yake aliitumia kwa msichana mmoja msindikizaji mwenye gauni la njano. Shughuli bado mbichi, mkobani ana kanda moja tu, ile ya gari bovu. Akaipachika. Kwa hiyo mwisho wa sinema ukafutika. Mbwana yuko nyuma ya gari anasukuma mlimani, Chausiku kashika usukani, ghafla chenga zinajaa kwenye kioo, halafu ukumbi wa Temeke, na Editha anacheza.

Jumapili iliyofuata alisahau kuizima kabla ya pale. Loo! Banda lilisimama juu ya mabenchi. "Kumbe walikuwa wanakuja Temeke! Wamefika harusini!" Toka siku hiyo hakuna aliyekubali sinema izimwe kabla ya harusi. Wakaanza kuja hata wanaume.

Habari zikamfikia mzee Sebastian kwamba binti yake anacheza kila Jumapili mbele ya watu waliolipa kiingilio. Aliingia bandani na vumbi la mpingo mikononi, akaizima runinga mwenyewe. "Binti yangu si sinema," akasema, na mtu asikohoe. Nyumbani mama akaongeza la kwake: "Tena Mwislamu! Mkifa mtazikwa wapi, mmoja huku, mwingine kule?" Haikupita wiki, Editha akapelekwa kusini kwa mama yake mdogo, akaingia chuo cha ualimu. Khalfani hakuja kumuaga. Barua hata moja hakuandika.

"Kaa hapo," Khalfani akasema sasa, akiitia kanda kwenye deki na kumsogezea kigoda. "Ndefu kidogo, unaijua."

"Nataka kipande cha baba tu."

"Ukikirukia utamkuta katikati ya safari asiyoianza. Kaa, Editha."

Alikaa. Gari la kijani likatokea, na Editha akashtuka kuona linavyomuuma. Mayai yale yale, ramani ile ile, mbwa na sikio lake jeusi. Alicheka peke yake, akaona Khalfani hatazami runinga, anamtazama yeye.

"Mbona hutafsiri?"

"Nilikuwaga muongo. Mie lugha yao siijui hata leo."

"Sote tulijua."

Gari likafika mlimani, likazimika. Mbwana akashuka kusukuma. Chenga. Kisha gauni la njano, msichana mwembamba wa miaka ishirini anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera, na kila mwenye macho angejua anamchekea kwa nini. Editha aliona aibu kama kavuliwa shela. Halafu pembeni, kati ya meza, akatokea mzee Sebastian. Miguu inaburuza. Anakuja moja kwa moja kwenye kamera, mkono juu.

Umeme ukakatika.

"Mgao," Khalfani akasema. "Leo zamu ya huku, mpaka saa moja jioni."

"Baba alikuwa anakuja kufanya nini? Bandani kelele zilimmeza, na mie nilikuwa nafunika uso kwa aibu. Alitaka kuiziba kamera?"

"Ningekwambia usingeamini. Utamsikia mwenyewe."

Duka likawa na joto. Nje mafundi waliendelea kugonga misumari. Editha alihisi machozi yanakuja, akayatangulia kwa hasira.

"Miaka sita, Khalfani! Hata mstari mmoja! Nilikaa kule chuoni kila posta ikifika natoka mbio kama mtoto. Ulishindwa nini?"

"Nilimwapia mzee. Siku ile alipoizima runinga nilimfuata nje. Akasema, apa kwamba hutamfuata wala hutamwandikia. Nikaapa. Nilidhani nikikishika kiapo ataniona mtu."

"Mie nilikuona mwoga."

"Nilikuwa mwoga pia. Kiapo kinamfaa sana mwoga." Alikung'uta mavumbi ya kufikirika magotini. "Lakini mzee alikuja hapa."

"Baba? Hapa? Kufuata nini?"

"Kwanza kuhakikisha nimeichoma. Nikamwambia sijaichoma, mzee, nipige. Hakunipiga. Akakaa hapo hapo ulipokaa. Akasema, basi niwekee nimwone mwanangu, kuko mbali kule. Nikamwekea kuanzia kwako. Mara ya pili akataka tangu mwanzo, ajue hao watu wanatoka wapi. Mara ya tatu akaja na mayai ya kuchemsha."

Editha alipasuka kicheko katikati ya machozi. "Muongo wewe!"

"Wallahi. Manne. Mawili yangu. Akasema, hawa watu hawana haraka, wanafaa."

Kisha Khalfani akainuka, akafika rafu ya juu, akashusha kitu kidogo cheusi akakiweka mapajani mwa Editha.

Kilikuwa gari la mpingo, urefu wa kiganja, boneti imebonyea. Nyuma yake watu wawili wanasukuma, mwanamume na mwanamke, mabega yamegusana. Editha alilipindua. Chini palikuwa na matundu matatu madogo, alama ambayo baba yake aliiweka chini ya kila alichokichonga. Alilifuta kwa kanga, kisha akaliweka shavuni kama mtoto.

"Alinipa kabla hajaugua," Khalfani akasema. "Akaniambia, kiapo chako kishike, usimfuate. Lakini akija kwa miguu yake, mpe hili, mimi sina neno tena. Nikamuuliza, mzee, mbona kwenye usukani hakuna mtu? Akasema, kazi yangu ni kuwaweka nyuma wote wawili. Ya usukani watajua wenyewe."

Editha alimpenda huyu mtu. Alimpenda alipokuwa bandani, alimpenda alipokuwa akimlaani kule chuoni, na alimpenda sasa hivi na vile vindevu vyake. Alifungua mkoba, akatoa barua.

"Saa kumi mshenga anafuata jibu la hii."

Khalfani aliitazama bila kuigusa. "Unampenda?"

"Ni mtu mwema. Namheshimu."

"Sikuuliza hivyo."

"Basi nitafsirie," Editha akasema. "Uliwatafsiri watu usiojua hata salamu yao. Nitafsirie na mie."

Khalfani alipoongea, ilikuwa ile sauti ya bandani, ila ya chini, ya mtu mmoja.

"Chausiku anasema amechoka kukaa kwenye usukani peke yake."

"Na Mbwana anasemaje?"

"Mbwana anasema anampenda, hajaacha hata siku moja. Anasema bomani wanafungisha ndoa bila kumbadili mtu dini. Na mambo ya kuzikwa, anaomba kwanza waishi."

Editha alijifuta uso kwa mikono miwili. "Kimara leo umeme upo," akasema. "Nyumbani hatuna deki wala runinga."

"Ngoja nikodi pikapu."

"Ule mkokoteni hapo nje wa nani?"

"Wa fundi vitanda. Editha, toka hapa mpaka Kimara Baruti ni..."

"Najua ni wapi. Miaka sita nimekusubiri, saa mbili zitanishinda?"

Basi wakatoka. Runinga wakaifunga kwa godoro la fundi, deki juu yake, kanda ikiwa bado tumboni mwa deki, na lile gari la mpingo mkobani mwa Editha, barua pembeni. Barabara ya Morogoro Jumapili mchana watu ni tele, na waliokuwa vibarazani walipata cha kuongea. "Wanahama hao?" "Huyo si mwalimu?" Walipita Ubungo wanatiririka jasho. Njiani walinunua mihogo ya kukaanga, wakagombana ipi njia fupi, wakacheka kwa sababu walikumbuka ile ramani. Kwenye kilima cha Baruti mkokoteni ukagoma. Editha akavua viatu vya kanisani, akaviweka juu ya deki, akashika mti wa mkokoteni bega kwa bega na Khalfani.

"Watu wanatuona, mwalimu."

"Waone. Sukuma."

Saa kumi ilikuwa imepita walipoingia uani. Mshenga alikwisha kukaa sebuleni na soda yake. Mama Gregori alisimama mlangoni, akamtazama binti yake peku, akamtazama mwanamume aliyelowa.

"Shikamoo, mama," Khalfani akasema.

Marahaba ilichelewa. "Editha, kuna mgeni ndani anasubiri jibu, wewe unaniletea huyu? Marehemu aliacha neno, na wewe unalijua."

"Aliacha na lingine," Editha akasema. "Mtazame kwanza, mama. Umlaumu baadaye."

Kusikia atamwona marehemu kulimlegeza. Wakachomeka waya. Khalfani hakuweka tangu mwanzo safari hii. Aliirudisha hadi pale mlimani. Gari likazimika, zikaja chenga, likaja gauni la njano. Mzee Sebastian akatokea kati ya meza, miguu inaburuza, na Mama Gregori akatoa sauti ndogo, akainuka, akaisogelea runinga mpaka akawa karibu kuigusa.

Mzee alifika kwenye kamera, mkono juu, uso umejaa kioo kizima.

"Kijana, tangu asubuhi unatupiga picha tu," akasema, sauti yake ile ile ya kukwaruza. "Weka hilo dude chini, njoo ule. Adelina! Adelina, nani kampa chakula huyu? Mtoto wa watu atakufa njaa kwenye shughuli yangu!"

Kamera ikainama, ikaonyesha sakafu, viatu vya mzee na viatu vya kijana vinaondoka pamoja, kisha kanda ikaisha.

Toka mwaka jana hakuna mtu aliyemwita yule mama Adelina. Editha akalitoa gari la mpingo akaliweka mikononi mwake, na mama akalipindua bila kuambiwa, akapapasa yale matundu matatu kwa kidole, moja moja, akarudia tena.

Editha akapiga goti mbele ya mshenga, akamrudishia barua kwa mikono miwili. "Naomba umwambie hana kosa lolote," akasema. "Kosa ni langu, nilichelewa kusema."

Mshenga, mtu mzima, aliipokea, akajifuta soda mdomoni, akaomba njia kwa adabu. Alipotoka, Khalfani akabaki amesimama karibu na mlango, hajui kama naye afuate.

Mama Gregori alikuwa bado anakitazama kioo kitupu. Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akageuka, akamtazama yule kijana kuanzia kichwani mpaka kwenye vumbi la miguuni.

"Umekula?" akamuuliza.